Breki Ni Mimi

Kwa wale walioniandikia kunipa pole baada ya makala ya wiki iliyopita, ahsanteni. Na kwa yule aliyeandika kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kuacha injini iungue bila kuuona mshale wa joto ukipanda, jibu lako ni hili: mshale huo uko mbele ya dereva. Mimi ni mwalimu wa udereva. Miaka kumi na miwili nimekaa kiti cha abiria, na ukiwa kiti hicho kitu pekee unachokiona vizuri ni ajali inayokujia.

Aliyechelewa kujiunga nasi asipate taabu. Shule yetu ya udereva, yangu na mke wangu, ina gari moja tu, na gari hilo ni la marehemu baba mkwe. Mama mkwe ndiye aliyetupatia, na sasa ni mwanafunzi wangu. Wiki mbili zilizopita alikuwa kwenye usukani, gari likafuka moshi mweupe na kuzima katikati ya mzunguko wa barabara, nikalisukuma mimi na kinyozi mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma akingoja zamu yake. Watu walitupigia honi kwa upendo mkubwa.

Mama mkwe alikuwa ameshafeli mtihani wa leseni mara mbili. Anayefeli mara ya tatu husubiri mwaka mzima kabla ya kujaribu tena, na yeye ana miaka sitini na mmoja. Mumewe aliishi naye miaka thelathini na mmoja bila kumruhusu kuugusa usukani wa gari lile, hata kulirudisha nyuma uani. Kazi yake ilikuwa kumfungulia geti. Alichotaka mama yule ni kwenda sokoni na kurudi bila kumbembeleza mtu yeyote, na mtihani wake wa tatu ulikuwa Alhamisi, siku kumi na mbili mbele.

Basi gari likavutwa mpaka gereji kwa Fundi Kimya. Jina hilo alipewa na watu wenye ucheshi, maana tangu nimfahamu sijawahi kumwona amefunga mdomo. Nilimkuta ameshaitoa injini na kuimwaga yote mezani. Akanionyesha silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda kwa joto, akanionyesha pistoni mbili zilizochubuka, akanisimulia na habari za ndoa ya shemeji yake, kisha akafika kwenye jambo alilokuwa analizunguka.

"Mwalimu, hapa tumeshafika ndani," alisema. "Kazi kubwa ni kufungua, na nimeshafungua. Sasa niurudishe uzee uleule humu ndani, halafu mwakani uje nifungue tena?"

Akaenda kwenye rafu, akarudi na kitu alichokifunga kwa kitambaa safi, akakifunua taratibu kama anionyeshaye mtoto mchanga. Kilikuwa tabo, ile konokono ya chuma inayoipulizia injini hewa ikapata nguvu mara mbili. Alisema akipanua silinda, akaweka pistoni kubwa na hiyo konokono, gari litakipanda kilima cha kituo cha mitihani kwa gia ya tatu likiwa na watu watano.

Lazima nieleze kilima hicho. Gari letu lilikuwa likikipanda kwa gia ya kwanza, madirisha wazi, abiria wote wakiwa wameinama mbele ili kusaidia. Nimewahi kupitwa pale na mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani, na alinisalimia.

Fundi aliongeza neno moja, na hilo alilisema polepole, jambo lisilo kawaida yake. Nguvu ikipanda, breki nazo lazima zipande. Breki nilizokuwa nazo zilikuwa za gari lisilo na haraka na mtu. Breki kubwa angeziagiza, lakini zingechukua wiki tatu kufika, na mpaka zifike gari lisiendeshwe na mtu.

Nilimwambia nitakwenda kushauriana na nyumbani. Mimi ni mume wa kisasa.

Tuliketi meza ya jikoni, watatu. Mke wangu ni karani wa maktaba, na hana haja ya kupaza sauti popote. Nilieleza habari za tabo kwa ufasaha mkubwa, nikachora na mchoro nyuma ya bahasha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Gari la shule ya udereva linawahi wapi?"

Nikaanza kuchora mchoro wa pili.

Mama mkwe alisema yeye hajui mambo ya chuma, ila angependa litengenezwe liwe vilevile alivyoliacha baba yetu. Basi, kikao kikaisha. Nikaweka mkono kifuani, nikaahidi matengenezo tu, hakuna nyongeza. Niliahidi bila kulazimishwa, na mke wangu alinimiminia chai kwa furaha.

Ahadi hiyo iliishi mpaka asubuhi.

Nilikuwa natembea kwenda gereji kutoa jibu nililotumwa, gari jipya likasimama kando yangu. Ndani alikuwa mwalimu wa ile shule mpya ya ng'ambo ya barabara, yule ninayemwita Tabasamu kwa sababu anacheka kwa meno yote hata anapokuibia wanafunzi. Akanipa lifti. Kwenye usukani alikuwa binti mwenye masomo sita tu, na binti huyo alikipanda kilima kile huku akijikuna sikio.

Tabasamu akanigeukia kwa huruma. "Mwalimu, kile kigari chako kikipona, kipeleke makumbusho."

Nilicheka. Nilishuka nikiwa bado nacheka. Niliingia gereji nikicheka, na Fundi Kimya aliponiuliza tumeamua nini nyumbani, nilimwambia neno moja, "Weka."

Akaniuliza na breki je, maana wiki tatu ni baada ya mtihani. Hapo ndipo niliposema maneno ambayo mke wangu sasa anataka kuyaandika mlangoni mwa shule. Nilimwambia, "Breki ni mimi." Yeye akaziagiza hata hivyo, akijipa moyo kwamba sitalitoa gari mpaka zifike.

Nilikuwa na maana yangu. Gari la mafunzo lina pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu, na mguu wangu umekaa juu ya pedali hiyo miaka kumi na miwili. Umewaokoa watembea kwa miguu, mbuzi, na siku moja harusi nzima. Kwamba pedali yangu na ya dereva zinavuta breki zilezile mbovu, hilo nililijua fika. Nilijitia hamnazo, na naungama hapa kwa sababu gazeti hili ndilo mahali pekee ninapoweza kusema bila kukatizwa.

Kwa siku nane nilirudi nyumbani na taarifa za uongo zilizopangika vizuri. Gasketi imepatikana, hedi imenyooshwa, pistoni ni za aina ileile. Mke wangu alikuwa akiniitikia kwa "vizuri", na mimi nilianza kujisikia kama mfungwa anayechimba ukuta kwa kijiko, ila mfungwa huyo ndiye aliyejijengea jela.

Jumapili gari lilikuwa tayari. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sijui mingapi nikakaa kiti cha dereva, nikaondoa mguu kwenye klachi, nikagusa mafuta.

Nisiwafiche, nilifurahi. Nilifurahi kupita siku ya harusi yangu, na mke wangu akisoma hapa aelewe kwamba siku ile viatu vilikuwa vinanibana. Gari liliondoka kana kwamba mtu amelitukana. Nilipita mbele ya shule ya Tabasamu mara nne, mara ya tano nikapiga honi. Kisha nikafika njia panda, nikakanyaga breki, na gari likaendelea na safari zake. Lilisimama lilipotaka, hatua kumi mbele ya mstari, na mwendesha baiskeli mmoja akanieleza habari za ukoo wangu.

Nilijiambia ni kuzoea tu.

Jumatatu asubuhi alikuja kinyozi. Na hapa, wasomaji, ndipo nilipogundua jambo ambalo mwalimu yeyote mwenye nusu ya akili angelifikiria kabla ya kufungua boneti. Kwa miaka kumi na miwili nimefundisha watu kwa injini inayoumwa. Somo langu la kwanza kwa kila mwanafunzi, nalirudia mpaka linamwingia kwenye nyayo, ni hili: kanyaga mafuta mpaka chini, usilionee huruma, maana ukilionea huruma halitoki. Mji huu una mamia ya watu wenye leseni wanaokanyaga hivyo kwa sababu yangu.

Kinyozi akafunga mkanda, akatazama vioo, akanitazama mimi kwa heshima. Akakanyaga mpaka chini.

Sikumbuki vizuri. Nakumbuka nimekanyaga breki kwa miguu yote miwili na kuvuta handibreki, na kinyozi akiniuliza kama na hii imo kwenye mtihani. Tulipanda kando ya barabara, pale muuza vitanda anapopanga bidhaa zake nje. Tulisimama mbele ya kitanda cha sita kwa sita, bampa likiwa limegusa godoro. Muuza vitanda akaja na kuuliza kama tunakitaka.

Kinyozi alishuka, akasema atanipigia simu. Hajapiga, na nywele zangu nakata mwenyewe.

Sasa mtu mzima angefanya nini? Angekwenda nyumbani, akakaa meza ya jikoni, akasema, jamani nimekosea. Mtihani ungeahirishwa wiki mbili tatu mpaka breki zifike, mke angenuna, mama mkwe angesikitika, na maisha yangeendelea. Njia hiyo niliiona waziwazi. Nikaipita kama nilivyoupita mstari wa njia panda.

Nilikwenda nyumbani wakati mke yuko kazini, nikakata mguu mmoja wa kigoda cha jikoni, nikaupasua kwa msumeno, nikaupigilia chini ya kapeti la gari, chini kabisa ya pedali ya mafuta. Ukikanyaga, pedali inateremka kidogo, inagonga ule mti, inaishia hapo. Fundi Kimya alihangaika siku nane kuipa injini nguvu, mimi kwa dakika kumi nikaifunga minyororo. Nikawa mwenye gari lenye nguvu kuliko yote mtaani, na lisiloweza kulipita toroli.

Jioni mke wangu akaulizia kigoda. Nikasema mchwa.

Jumanne mama mkwe akaja kwa somo lake. Mimi na mama mkwe tuna shida moja ya kikazi, nayo ni adabu. Mwanafunzi mwingine nitamkemea akikosea, lakini mama wa mke wangu utamwambiaje "simama, utatuua" kwa sauti ya heshima? Huwa nasema, "Mama, kama hutajali, mbele yetu kuna lori."

Aliwasha gari, akakanyaga mafuta mpaka chini kama nilivyomfundisha, mti ukafanya kazi yake, tukaondoka kwa unyenyekevu. Tulikwenda mpaka mtaa wa shule na kurudi. Hakukosea gia hata moja. Kwa mwendo ule hata zile breki zilionekana breki.

Alipozima injini alitandaza kiganja juu ya dashibodi. "Ni lilelile," akasema. "Kabisa, baba, ni lilelile."

Kisha akanitazama usoni. Hakuondoa macho, akawa kama anayengoja jambo.

Nilitazama kioo cha pembeni. Nikasema, "Ndiyo mama, fundi alijitahidi." Nilijisikia mdogo, mdogo kabisa, na naandika hivi nikiwa bado sijakua. Jumatano tukarudia somo, naye akaendesha vizuri zaidi, na usiku ule nilijipongeza. Nilijiambia tatizo limekwisha, na breki zikifika nitauchomoa ule mti kimyakimya, na hakuna atakayejua lolote hadi siku ya kiama.

Alhamisi tukafika kituo cha mitihani, mimi, mke wangu na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa amevaa viatu vipya visivyo na kisigino, amevinunua kwa ajili ya siku hiyo. Mtahini alikuwa mama mmoja mrefu anayeitwa Bi Kalamu, kwa sababu kalamu yake nyekundu imekomesha ndoto nyingi kuliko ugonjwa. Mara zote mbili mama mkwe alifelishwa na yeye.

Bi Kalamu alilikagua gari. Taa, honi, vioo, mikanda. Akaingia upande wa dereva, akainama, akapapasa kapeti. Nilianza kusali.

Alivuta mara moja, akatoka na kile kipande cha mti na misumari yake miwili. Akasema kanuni hairuhusu kitu chochote chini ya pedali, akauliza ni cha nani. Nikasema labda ni cha kinyozi.

Hakuona maana ya kuendelea na mazungumzo hayo. Alimpa mke wangu kile kipande akishike, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, akazunguka kwenda kukaa kiti changu, kile chenye pedali ya pili. Mke wangu aliugeuza ule mti mkononi mara mbili. Rangi yake ya kijani aliipaka mwenyewe. Aliniinulia macho, na mimi nikaona ni vyema niende upande wa dereva.

Niliinama dirishani. Mama mkwe alikuwa ameshafunga mkanda, mikono iko juu ya usukani mahali pake.

"Mama," nikamnong'oneza, "leo naomba uguse mafuta kidogo tu. Injini hii, mama, injini hii siyo..."

"Najua," akaninong'oneza naye.

Sikuelewa.

"Fundi wako huyo, baba, wewe ulidhani angenyamaza? Siku ileile uliyomwambia aweke, alinipigia simu. Nilipokuambia gari ni lilelile, nilitaka unikatalie. Nimekungoja siku mbili."

Hakuwa na hasira. Ningeshukuru kama angekuwa nayo. Alisema injini amenisamehe, kwamba marehemu naye alikuwa na uongo wake na aliuzoea, na kwamba mguu wake hauhitaji mti wala kigoda, atagusa kidogo. Alitabasamu hata. Kisha akaniuliza swali lake moja.

"Alisema breki mpya zimeagizwa, na kwamba hutalitoa gari mpaka zifike. Na wewe umelileta, kwa hiyo najua zimefika. Zimefika?"

Bi Kalamu alikuwa ameshaandika tarehe kwenye fomu, kalamu iko hewani. Nikisema hapana, gari linaondolewa kwenye mtihani, na mtihani ulioanza kukaguliwa ukivunjika unahesabiwa umefeli. Mwaka mzima. Viatu vipya. Mke wangu nyuma yangu na mguu wa kigoda.

Ningependa kuwaambia nilisema vile kwa ajili ya mama. Ingependeza gazetini. Nilisema kwa sababu niliogopa.

"Zimefika, mama," nikasema.

Akanishukuru. Akatazama vioo vyote vitatu, kulia, kushoto, nyuma, kama nilivyomfundisha, akaondoka taratibu, mguu mwepesi, hata Bi Kalamu alitikisa kichwa kuridhika. Gari lilianza kukipanda kile kilima kwa gia ya tatu bila kuhema. Nilimwona mama mkwe amenyooka kitini kama malkia. Hata mwanamke mwenye ndoo asingemfikia.

Upande wa pili wa kilima barabara inateremka moja kwa moja mpaka sokoni. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko.

Gari likafika kileleni, likazama upande wa pili. Tukabaki na sauti ya injini tu, na sauti ile ilikuwa inapanda.

Mke wangu akaniuliza kwa nini nimekaa chini, kwenye vumbi, na suruali safi. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia gereji, tabo, breki za wiki tatu, mpaka lile neno la dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane sikuongeza chumvi wala kupunguza.

Aliutupa ule mti, akavua viatu, akaanza kukimbia kukipanda kilima.